Hukumu Isiitangulie Kesi



Wapendwa wasomaji, lipo neno moja ambalo juma hili tumeona vema kulikabili uso kwa uso, kwa kuwa limezoeleka mno midomoni mwetu. Mtu akichukuliwa na polisi alfajiri, jua halijawa kali tayari mtaani watu wamekwisha kusema: "Angekuwa hana kosa, asingekamatwa." Twalisikia sokoni Maganzo, twalisikia vijijini Kishapu, na kwa huzuni kubwa twalisikia hata katika Jumuiya Ndogo Ndogo, mara tu baada ya Rozari. Sisi twasema bila kumung'unya maneno: neno hilo ni uongo, ni dhambi dhidi ya amri ya nane, na ndilo linalowafungulia mlango wote wanaotaka kuichezea haki ya mnyonge. Polisi anayempiga mtuhumiwa, mpelelezi anayelala juu ya jalada, mlinzi anayejifanya hakimu, wote wanajua kwamba jamii imekwisha kumhukumu mtu yule. Nani atawauliza?

Ibara ya 13 ya Katiba yetu, ibara ndogo ya 6(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia yake haijathibitika. Lugha yetu yenyewe imezitenga hatua hizi kwa majina. Mtuhumiwa ni anayeshukiwa. Mshtakiwa ni aliyesomewa shtaka. Mahabusu ni anayeisubiri kesi yake akiwa kizuizini. Mfungwa ni yule tu aliyetiwa hatiani na kupewa adhabu ya kifungo. Anayemrusha jirani yake kutoka jina la kwanza hadi la mwisho kwa siku moja ameipora mahakama kazi yake. Basi twende pamoja hatua kwa hatua, tuone sheria inasema nini na sisi tunatenda nini.

Tuanze na kukamatwa. Anayekamata anapaswa kumweleza mtu sababu ya kumkamata, na atumie nguvu ile tu inayohitajika kumzuia asitoroke. Mtu asiyepinga hapaswi kupigwa hata kofi moja. Kosa la jinai ni la mtu mwenyewe; kumchukua mke au mama kwa sababu mume amekimbia ni kuteka mateka, hata kama aliyefanya hivyo amevaa sare. Nao Sungusungu wetu, waliozaliwa katika ardhi hii ya Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuwakomesha wezi wa ng'ombe, hatuwabezi. Walirudisha usingizi kwa wafugaji, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini uwezo wa kukamata si uwezo wa kuhukumu. Pale wanapomchapa mtu viboko usiku, wakamtoza faini ya ng'ombe, au wakaagiza atengwe asipewe moto wala maji, bila kuitwa shahidi wake hata mmoja, hapo ulinzi umekwisha na dhuluma imeanza.

Baada ya kukamatwa ni kituoni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa, ambazo zaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Anayo haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki yake. Anapaswa kuonywa kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakachosema chaweza kutumika kama ushahidi. Kwa makosa yasiyo na adhabu ya kifo, asipopewa dhamana ya polisi afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo. Hizi ni saa za mtu aliye hai, ambaye mkewe nje hajui kama mumewe amekula. Pamoja na hayo, wangapi miongoni mwetu wanajua kwamba mtu akichukuliwa Ijumaa jioni, familia hujiandaa kumkosa hadi Jumatatu, na hakuna anayeshangaa? Wangapi wameambiwa kwamba dhamana "ina gharama zake"? Dhamana ya polisi haiuzwi. Anayeiuza anauza kisicho chake, na anayeinunua kimya kimya anamwandalia bei mwenzake wa kesho.

Kuhusu maungamo yanayopatikana kituoni, mkoa wetu unayo kumbukumbu ambayo haifai kusahauliwa. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, operesheni ya kuwasaka wahusika wa mauaji, mengi yakiwa ya wazee waliodhaniwa wachawi, iligeuka kuwa mateso. Watuhumiwa waliteswa ili waseme, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu kwa ajili ya mambo hayo, ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake. Wakuu wa mikoa yote miwili nao wakaachia nafasi zao, na maofisa kadhaa wakafikishwa mahakamani. Huo ni uwajibikaji ambao taifa letu lina haki ya kujivunia. Lakini tuulize swali lililo gumu zaidi: je, mateso yale yalikomesha mauaji? Hayakukomesha. Akina mama wazee, ambao macho yao yamewekundishwa na moshi wa kuni na wa samadi, waliendelea kuuawa Usukumani kwa miongo iliyofuata. Fimbo humpata mtu wa kukiri, muuaji haimpati. Kila asiye na hatia anayelazimishwa kukiri ni jalada linalofungwa huku muuaji halisi akinoa panga lake.

Ndiyo maana sheria ya ushahidi inadai ungamo liwe la hiari, na mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo ni wa upande wa mashtaka. Mshtakiwa akilikana, Mahakama Kuu husimamisha kila kitu na kuendesha kesi ndani ya kesi, ipate kujua kama maneno yale yalitoka moyoni au yalitolewa kwa maumivu. Wako wanaolalamika kwamba huku ni kuwabembeleza wahalifu. Sisi twasema ni kuulinda ukweli usibakwe.

Hapa Mwadui somo hilo lina sura ya kwetu. Tangu John Williamson alipofungua mgodi huu mwaka 1940, almasi imekuwa baraka na jaribu. Vijana tunaowaita wabeshi huingia eneo la mgodi usiku kutafuta mawe, na kufanya hivyo ni kosa. Hatulifichi wala hatulitetei. Mali ya mwenye leseni ilindwe, na anayeingia bila ruhusa akamatwe. Lakini adhabu ya kosa hilo iko katika vitabu vya sheria, na hakuna kitabu kilichoandika risasi, wala kipigo, wala kufungiwa katika chumba cha walinzi. Mwishoni mwa mwaka 2020 shirika la RAID la Uingereza lilichapisha tuhuma nzito za mambo ya namna hiyo katika mgodi wa Williamson. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa mwenye hisa nyingi wakati huo, ilitangaza makubaliano na walalamikaji 71 yenye thamani ya pauni milioni 4.3 za Uingereza. Ilifanya hivyo bila kukiri dhima kisheria, lakini ilikubali kwamba yalikuwapo matukio yaliyosababisha vifo, majeraha na watu kutendewa vibaya. Hatuandiki haya ili tuihukumu kampuni nje ya mahakama. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeivunja kanuni tunayoihubiri. Twaandika ili tuulize jambo moja: kama kijana yule angefikishwa kituoni akiwa mzima, akasomewa shtaka la kuingia kwa jinai mbele ya hakimu, nani angepoteza nini? Mgodi ungelindwa, sheria ingeheshimiwa, na mama yake asingevaa nguo za msiba.

Twende sasa mahakamani. Mshtakiwa husomewa shtaka, naye hukiri au hukana. Kama kosa ni la mauaji, huambiwa asijibu lolote, kwa kuwa mahakama ya chini haina mamlaka ya kulisikiliza. Kwa kawaida hulisikiliza Mahakama Kuu. Hapo ndipo huanza safari ndefu ya maneno matatu: "Upelelezi haujakamilika, mheshimiwa." Karandinga humleta, kesi hutajwa, huahirishwa, karandinga humrudisha. Siku 14 baadaye ni vilevile. Kwa makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha dhamana haipo kabisa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachoizuia dhamana hiyo kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Twaiheshimu Mahakama ya Rufani. Lakini kusema kwamba sheria haipingani na Katiba si kusema kwamba ni sheria njema, na Bunge halijakatazwa kuitazama upya.

Mwaka 2022 Bunge lilifanya jambo jema: lilirekebisha sheria ili mashtaka yasifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Tulifurahi. Lakini likayaacha nje makosa makubwa, yakiwamo yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Maana yake nini? Mwizi wa kuku, ambaye angepata dhamana, amelindwa dhidi ya upelelezi usiokwisha. Mtuhumiwa wa mauaji, asiye na dhamana, hakulindwa. Dawa imenyweshwa mwenye mafua, na mwenye malaria kali ameambiwa asubiri.

Tusidhani kwamba hili ni jambo la makaratasi. Juni 2021 masheikh wa Uamsho wa Zanzibar waliachiwa baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuyaondoa mashtaka ya ugaidi dhidi yao, wakiwa wamekaa mahabusu kwa takribani miaka minane. Sisi ni Wakatoliki, wao ni Waislamu. Haki haiulizi mtu anasali wapi. Hawakutiwa hatiani kwa mashtaka hayo, wala kesi haikufika mwisho ikawasafisha. Ni adhabu gani basi waliyoitumikia, na nani aliitamka? Baba Mtakatifu Fransisko, alipozungumza na wanasheria wa makosa ya jinai Oktoba 2014, alionya juu ya kizuizi cha kabla ya hukumu kinapotumiwa vibaya kikawa adhabu inayotangulia. Nacho Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 24, kinatuambia kwamba liwali Felisi alimweka Paulo kifungoni miaka miwili mizima, akimwita mara kwa mara kuzungumza naye huku akitumaini kupewa fedha. Jalada la Paulo nalo halikukamilika! Tunaposoma somo hilo kanisani twamlaani Felisi kwa urahisi sana. Tunapomkuta ofisini twampa kitu kidogo na kumwita mheshimiwa.

Tunajua watakaotujibu: "Baba Paroko, maneno hayo ni matamu, lakini nani atamlilia bibi aliyekatwa mapanga? Nani atamlilia mtoto mwenye ualbino aliyeuawa Bukombe?" Swali hilo ni la haki, nasi hatulikimbii. Damu ya waliouawa yalia kutoka ardhini. Lakini kumbukeni jinsi kesi ya mtoto yule ilivyokwisha: Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwatia hatiani watu watatu baada ya kusikiliza mashahidi. Ni utaratibu ulioleta jibu, wala si kundi la watu wenye hasira kali. Anayechomwa kwa tairi njiani huenda na siri zake: nani alimtuma, nani alinunua, mganga gani alipiga ramli. Kesi ndiyo inayouliza maswali hayo. Kwa hiyo anayemtakia mema marehemu atake kesi iliyo safi, kwa kuwa kesi iliyochafuliwa na kipigo na ushahidi wa kupikwa huanguka katika rufaa, na mwenye hatia hutoka kifua mbele pamoja na asiye na hatia.

Tusome tena habari ya Susana katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13. Kusanyiko lote lilimhukumu mama yule afe kwa sababu waliomshtaki walikuwa wazee, tena waamuzi; nani angewapinga? Danieli kijana hakumpiga mtu. Aliwatenganisha mashahidi wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja ule. Uongo ukaanguka kwa swali moja lililoulizwa mara mbili. Ndicho kinachofanyika mahakamani shahidi anapohojiwa na upande wa pili. Mshtakiwa anapouliza maswali, anapoita mashahidi wake, anapoambiwa ana kesi ya kujibu au hana, anapoachiwa kwa sababu imebaki shaka ya msingi, msiseme hakimu amekula rushwa. Huenda hakimu amefanya alichofanya Danieli.

Na akitiwa hatiani? Hata hapo kesi haijafika mwisho, kwani kutiwa hatiani ni jambo moja na adhabu ni jingine. Kabla ya adhabu mahakama husikiliza: ni kosa la kwanza? Ana watoto? Amekaa mahabusu muda gani? Wazee wetu walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Tangu 2002 tunayo sheria ya huduma kwa jamii, inayowezesha aliyestahili kifungo kisichozidi miaka 3 kufanya kazi ya manufaa kwa umma badala ya kwenda gerezani. Kijana aliyekamatwa na jiwe moja mfukoni angefaa zaidi akichimba msingi wa darasa kijijini kuliko kulala gerezani akifundishwa unyang'anyi na mabingwa. Kwa upande wa mauaji, Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitamka kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo bila kupima mazingira ya kila mtu kunakiuka haki ya kuishi. Kanisa nalo, tangu marekebisho ya Katekisimu ya mwaka 2018, linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Katoliki anayeshangilia kitanzi ajue kwamba anashangilia kinyume cha mafundisho ya Kanisa lake.

Mwaka 2023 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizichunguza taasisi za haki jinai na kumkabidhi Rais ripoti yake. Tunaomba mapendekezo yake yasigeuke kuwa kitabu cha kabatini. Sisi wenyewe twadai mambo matatu yaliyo wazi. Mosi, upelelezi wa makosa yasiyo na dhamana uwekewe ukomo, na ukomo huo ukipita mtu apewe dhamana. Pili, saa ya kukamatwa iandikwe na ndugu apewe nakala, ili saa 24 zihesabike. Tatu, mlinzi binafsi anayemkamata mtu amkabidhi polisi mara moja, bila kituo cha katikati.

Lakini tusiidai serikali peke yake. Ndugu yenu akikamatwa, nendeni kituoni mkaulize kosa lake kwa adabu na bila woga; mpelekeeni chakula; andaeni mdhamini mwenye barua ya mtendaji. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao hawadai malipo, watafuteni. Akitiwa hatiani na mahakama ya wilaya bila kuridhika, atoe taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe iwasilishwe ndani ya siku 45. Ukiwa shahidi, jitokeze. Kesi nyingi hufa kwa sababu walioona walinyamaza, kisha haohao wakailaumu mahakama. Na mtu akiachiwa huru, mpokeeni. Msimwache akae benchi la nyuma kanisani kama mwenye ukoma.

Bwana wetu mwenyewe alikamatwa usiku, akapigwa kofi kabla ya kuthibitishiwa kosa, akashuhudiwa uongo, na mtawala aliyekiri kwamba haoni hatia ndani yake akamtoa asulubiwe kwa kuuogopa umati. Umati ule ulikuwa umekwisha kuhukumu. Sisi tunaousoma mwenendo wa kesi ile kila Ijumaa Kuu hatuna udhuru. Jumatatu ijayo atakapochukuliwa mwingine alfajiri, na jirani akasema lile neno, mjibuni hivi: "Amekamatwa, bado hajahukumiwa." Maneno matatu tu, na yanatosha kumrudishia mtu jina lake.

Tunawatakia Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki, awakumbuke wote walio kizuizini siku ya leo, na awape mahakimu wetu moyo wa Danieli.